Mama anajilaumu kwa kifo cha kaka

SWALI: Kaka yangu amefariki kwa heroini. Tumemzika kihambani, watu tukawaambia ni malaria. Mama hali wala halali, anajilaumu. Tumsaidieje?
Msomaji, Moshi

JIBU: Pole sana, ndugu yangu. Mama amefiwa, na hawezi kusema amefiwa na nini. Siri hiyo inamtesa kuliko mnavyodhani. Tafuteni mtu mmoja anayemwamini, shangazi au mama mchungaji, aambiwe ukweli, ili Mama apate pa kulilia. Uraibu ni ugonjwa. Mwambieni hivyo, wala msichoke kurudia.

Kwa kuwa hali wala halali, mpelekeni hospitali ya Mawenzi au KCMC wiki hii, mkaeleze chanzo halisi cha kifo. Ulizeni pia afisa ustawi wa jamii.

Hospitali ya Muhimbili ilianza kutoa methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, mwaka 2011, na waraibu wengi wakapata tiba. Wafiwa wa waliofariki tumewasahau, na hili linaniuma. Kliniki za methadoni zingewafuata nyumbani baada ya kuanua tanga, wageni wakishaondoka na kaburi likabaki pale migombani, mama akiliona kila asubuhi. Jumuiya yenu iliyoleta rambirambi iombeni irudi mwezi ujao, ikae naye tu.