Ukiitaka Chaser, Anza na Bodi na Kadi

Injini ya 1JZ ya Toyota si kitu cha kuhangaikia Dar es Salaam. Ukishuka Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo, ukaelekea Gerezani, ukauliza kwenye maduka mawili matatu ya spea za mtumba, utaonyeshwa moja imelazwa juu ya tairi kuukuu, giaboksi ubavuni, nyaya zimeviringwa na kufungwa kwa kamba. Muuzaji atakuita bosi na kukuapia kwamba imeshuka kutoka Japani juzi tu. Huenda ni kweli. Lakini bodi iliyonyooka haiuzwi Gerezani, na kadi ya usajili inayolingana na gari haiuzwi popote. Kwa hiyo kwa yeyote anayetafuta gari la michezo la zamani ambalo limekwisha kufanyiwa marekebisho, ushauri wangu ni mmoja: lipa fedha yako kwa ajili ya bodi na karatasi. Nguvu ni kitu cha kuongeza baadaye.

Kwa mji huu, magari yenyewe ni ya Kijapani ya miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000. Yanayoongoza kwa kupendwa ni Toyota Mark II, Chaser na Cresta za toleo la 100, lililoanza kutoka mwaka 1996. Ipo Altezza, iliyoanza 1998. Wapo pia wapenzi wa Subaru Impreza, Mitsubishi Lancer Evolution na Nissan Skyline, lakini spea zao zinahitaji subira na mfuko mkubwa zaidi. Toyota ndiyo aliyoizoea fundi wa mtaani, na hilo peke yake ni sababu ya kutosha kwa mnunuzi wa mara ya kwanza.

Mapenzi haya hayakuanza na vijana wa leo. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, na kwa miaka mingi yalipita Kenya, Uganda na Tanzania. Mwaka 1966 na 1967 mshindi alikuwa Bert Shankland, mkazi wa Tanzania, akiwa na Chris Rothwell ndani ya Peugeot 404. Mwaka 1971 Edgar Herrmann alishinda na Datsun 240Z, gari la michezo hasa, lenye injini ya silinda sita ya lita 2.4. Mwaka 1973 Shekhar Mehta akarudia na Datsun ya aina hiyohiyo. Magari hayo yalikuwa yamefanyiwa marekebisho makubwa, ila sehemu kubwa ya kazi ilikuwa kuyaimarisha: springi, shokapu, kinga ya chini ya injini, taa. Barabara za Afrika Mashariki zilikuwa zikiondoa magari yenye mbio kuliko hayo kabla hayajafika nusu ya safari. Anayerekebisha Chaser leo kwa ajili ya barabara za Dar ana somo la kujifunza hapo. Datsun 240Z zenyewe sasa ni adimu, na nafasi nzuri ya kuziona zikikimbia ni mashindano ya Safari ya magari ya kale, yaliyoanzishwa mwaka 2003.

Kuagiza au kununua mjini

Tanzania haikatazi gari kwa sababu ya umri. Kenya inazuia magari yenye zaidi ya miaka 8, ndiyo maana Chaser ya 1998 inaweza kushuka bandari ya Dar es Salaam lakini haipokelewi Mombasa. Badala ya kukataza, sisi tunatoza. Ushuru wa forodha ni asilimia 25. Ushuru wa bidhaa kwa injini inayozidi sentimita za ujazo 2,000 ni asilimia 10, na gari lililopita miaka 10 huongezewa asilimia 30 kwa sababu ya uchakavu. Juu ya vyote hivyo inakuja VAT ya asilimia 18.

Tufanye hesabu. Chukua gari la lita 2.5 ambalo Mamlaka ya Mapato, TRA, imelithamini kwa shilingi milioni 10 pamoja na usafiri na bima hadi bandarini. Ushuru wa forodha ni milioni 2.5, jumla inafika milioni 12.5. Asilimia 10 ya hapo ni milioni 1.25, asilimia 30 ni milioni 3.75. Sasa tuko milioni 17.5, na VAT yake ni milioni 3.15. Kodi hizo pekee zimefika milioni 10.65, yaani zimelipita gari lenyewe, na bado hujalipia tozo ndogondogo, wakala wa forodha na usajili. TRA ina kikokotoo cha magari yaliyotumika kwenye tovuti yake. Kitumie kabla ya kutuma hata senti moja Japani, kwa sababu viwango hubadilika kwenye bajeti, na thamani inayotumika ni ile ya TRA, hata kama risiti yako inasema vingine.

Ukiagiza, dai karatasi ya mnada wa Japani. Daraja la 4 au 4.5 ni gari zuri. Herufi R au RA maana yake limewahi kugongwa na kutengenezwa. Kwenye mchoro wa gari, A ni mkwaruzo, U ni bonde, W ni mahali palipopigwa bodi, S ni kutu, na XX ni kipande kilichobadilishwa. Muuzaji anayesema karatasi imepotea ameshakupa jibu.

Wengi, hata hivyo, hununua gari lililokwisha kuingia nchini, na hapo usidanganyike na namba. Watu husifia gari kwa kusema ni namba E, lakini herufi za kibao zinaonyesha wakati liliposajiliwa Tanzania. Mwaka wa kutengenezwa uko kwenye kadi. Soma kadi neno kwa neno: namba ya chasisi, namba ya injini, ujazo wa injini, rangi. Kisha fungua boneti. Kwenye ukuta ulio nyuma ya injini kuna kibati cha Toyota kinachotaja aina ya gari na injini lililotoka nayo kiwandani. Kikiandika GX100 na 1G-FE ya sentimita za ujazo 1,988, huku mbele yako pamekaa 1JZ-GTE ya 2,491, hilo ni gari lililobadilishwa injini. Si dhambi. Ila kama kadi bado inasema 1,988, mabadiliko hayakuripotiwa TRA, na mzigo huo utakuwa wako siku utakayosimamishwa barabarani au kudai bima. Mwambie muuzaji arekebishe kadi kwanza, ndipo mwandikiane mkataba mbele ya wakili na kuhamisha umiliki. Angalia pia deni la makosa ya barabarani kwenye mfumo wa polisi kwa kutumia namba ya gari.

Siku ya kulikagua

Nenda asubuhi, na sema mapema kwamba unataka kulikuta injini ikiwa ya baridi. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe usiokatika ni maji yanayoingia kwenye silinda. Fungua kifuniko cha oili: ukiona utando kama maziwa, huenda gasket ya silinda hedi imekwisha, au hedi yenyewe imepinda. Fundi wako apime kompresheni ya silinda zote sita, na zisipishane zaidi ya asilimia 10 hivi. Anayekataa kipimo hiki muage kwa heshima.

Bodi ndiyo inayohitaji muda wako mwingi. Pita na sumaku iliyofungwa kitambaa. Isiposhika, chini ya rangi kuna pati. Inua zulia la buti uangalie kama chuma kimeungwa. Tazama mikono miwili ya mbele inayobeba injini, kama ina mikunjo au kulehemu kusikokuwa kwa kiwandani. Boneti iliyokwaruzwa vichwa vya bolti imewahi kung'olewa, basi uliza kwa nini.

Jiji letu lina hatari yake ya ziada: maji. Mvua kubwa zikishuka, bonde la Msimbazi pale Jangwani hujaa, na magari huzama. Gari lililozama linaweza kusafishwa likang'aa, na bado nyaya zake zikaoza taratibu kwa miaka miwili. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho wake, utafute alama ya tope. Ingiza mkono chini ya zulia la mbele, kisha chungulia bolti za reli za viti. Ukikuta kutu hapo kwenye gari ambalo juu ni safi, liache. Na kwa gari lililolala miaka mingi karibu na bahari, mlaze fundi chini alitazame tumbo, maana hewa ya chumvi haina huruma.

Breki kwanza, turbo mwisho

Marekebisho yanayotawala mjini ni kuchukua GX100 ya lita 2, ambayo haina turbo, na kuifungia 1JZ-GTE ya nguvu za farasi 280. Injini inaingia vizuri kwa sababu bodi ni ya ukoo mmoja. Kinachonisikitisha ni kwamba mara nyingi breki zinaachwa zilezile. Kiwandani, Chaser ya turbo ilipewa breki kubwa zaidi za mbele. Nguvu za gari zimefika karibu mara mbili, na chuma cha kulisimamisha ni kilekile cha kwenda sokoni na kurudi. Watu hufa kwa hili. Ukienda kununua gari la namna hiyo, swali lako la kwanza liwe: breki ni za gari gani? Ukifunga mwenyewe, nunua diski, kalipa na difu pamoja na injini, ikiwezekana kutoka gari moja.

La pili ni joto. Foleni ya mitaa ya Uhuru na Msimbazi saa kumi jioni ni mtihani mgumu kwa injini ya turbo kuliko safari ya Morogoro, kwa kuwa hewa haipiti kwenye rejeta. Weka rejeta nzima na feni inayofanya kazi, tumia kulanti badala ya maji ya bomba, na usikubali fundi atoe thamostati eti injini ipoe. Injini inayokimbia baridi mno hunywa mafuta na kuchakaa haraka, na ugonjwa uliokuwepo unabaki palepale.

Kuhusu kuongeza msukumo wa turbo, ningekuomba usubiri. Injini hizi zilipangwa kwa petroli ya daraja la juu ya Japani, ambayo hufika oktani 100, na petroli ya kawaida ya vituo vyetu iko chini ya hapo. Ukiongeza msukumo, mafuta yanalipuka kabla ya wakati wake na pistoni zinatoboka. Injini za kabla ya 1996, zenye turbo mbili ndogo, zina udhaifu mwingine: gurudumu la ndani upande wa ekzosi ni la kauri, na likizidishiwa msukumo hukatika.

Kukata springi ili gari lishuke ni kosa. Springi iliyokatwa haikai sawasawa kwenye kiti chake, na matuta ya mitaani yatamaliza shokapu na bushi. Zipo springi fupi zilizotengenezwa hivyo, nunua hizo. Kwenye tairi, soma tarakimu nne za mwisho pembeni: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba lenye miaka 10 linaweza kuwa na meno mazuri na bado likapasuka ukiwa mwendo mkali.

Namna ya kununua Kariakoo

Nenda na fundi wako, na ujira wake mkubaliane kabla, ili asitegemee chochote kutoka dukani. Injini ya mtumba huuzwa na muda mfupi wa kujaribu, basi muda huo uandikwe kwenye risiti pamoja na namba ya injini. Dai risiti ya kielektroniki ya EFD na nakala ya karatasi za forodha, utazihitaji TRA. Risiti hiyo pia ni kinga yako, maana vioo na taa vinaibwa sana mjini, na hutaki kukutwa na cha mtu. Kwa plagi, pedi za breki na oili, bei iliyo nusu ya duka la jirani ni dalili ya bidhaa bandia. Ukiuziwa, peleka malalamiko Tume ya Ushindani.

Bima ya mtu wa tatu ni ya lazima kwa kila gari, lakini kwa gari ulilolihangaikia hivi kata bima kubwa. Taja marekebisho yote kwa maandishi. Kampuni isiyojua kwamba kuna turbo ina sababu nzuri ya kukataa kukulipa. Thibitisha pia kwamba bima yako inaonekana kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya usimamizi wa bima.

Baada ya hapo, endesha. Ndani ya makazi sheria ni kilomita 50 kwa saa, na kushindana barabarani ni kuwaweka rehani watu ambao hawakuombwa. Anayetaka mbio aende Chama cha Magari Tanzania, AAT, aulizie ratiba ya mashindano ya magari na masharti ya leseni. Kwa starehe ya kawaida, toka Jumapili alfajiri barabara za mjini zikiwa tupu, pita Daraja la Tanzanite, shika Barabara ya Bagamoyo. Dakika za mwanzo usikanyage, oili ipate moto kwanza. Ukifika, usizime hapohapo: acha injini iungurume dakika moja au mbili ili turbo ipoe. Oili ibadilishwe kila kilomita 5,000, na mapema zaidi kama gari linashinda kwenye foleni.