Taulo za Kike: Bei, Ubora na Haki ya Mlaji

Miongoni mwa haki za mlaji ni haki ya kupata mahitaji ya msingi. Hedhi si jambo la hiari; kwa hiyo taulo za kike, maarufu kama pedi, si anasa. Hata hivyo, upatikanaji wake haulingani, na sababu haziishii dukani.

Tutazame Bangwe, mjini Kigoma. Kaya nyingi za mwambao huu hutegemea dagaa na migebuka. Dagaa huvuliwa kwa taa, hivyo kazi hushamiri usiku wa giza na kupungua mbalamwezi inapoangaza. Fedha huja na kukatika, hedhi haingoji. Mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15. Katika vipindi kama hivyo, mwanikaji dagaa asiye na mzigo hulazimika kuchagua kati ya unga na pedi.

Sababu nyingine ni haya. Binti huona aibu kumwomba baba fedha ya pedi, na mbele ya muuzaji huona aibu zaidi. Aibu hiyo hugeuka gharama: asiyethubutu kuuliza halinganishi bei, wala harudishi bidhaa mbovu.

Kodi nayo ina funzo. Julai 2018 Serikali ilisamehe Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18 kwenye taulo za kike. Mwaka 2019 msamaha huo ulifutwa, ikielezwa kwamba bei kwa mlaji haikushuka. Tuchukue mfano: pakiti ya shilingi 2,000, kodi ikiwemo, hubeba kodi ya takriban shilingi 305. Msamaha ukimfikia mlaji wote, angelipa takriban shilingi 1,695. Lakini mtengenezaji wa bidhaa iliyosamehewa harejeshewi kodi aliyolipia malighafi, na msamaha peke yake haumlazimishi muuzaji kupunguza bei. Kenya, iliyoondoa kodi hiyo mwaka 2004, iliongeza hatua nyingine mwaka 2017: sheria inayoitaka Serikali kuwapatia taulo bure wanafunzi wa kike waliobalehe.

Wakati sera zikiendelea kujadiliwa, tunamshauri mlaji yafuatayo:

1. Gawanya bei kwa idadi ya pedi. Pakiti ya pedi 8 kwa shilingi 2,000 ni shilingi 250 kila moja. Ya pedi 10 kwa shilingi 2,300 ni shilingi 230.

2. Kagua alama ya ubora ya TBS, jina la mtengenezaji na tarehe ya mwisho wa matumizi. Usinunue pakiti iliyochanika au iliyolowa.

3. Pedi za kufua hugharimu zaidi mwanzoni, lakini hutumika tena na tena. Zifuliwe kwa maji safi na sabuni, zikaushwe juani. Kuzificha chini ya nguo nyingine huzifanya zibaki na unyevu.

4. Dai risiti na uitunze. Malalamiko ya ubora yapelekwe TBS. Ya udanganyifu wa kibiashara, Tume ya Ushindani.

Maswali ya kujadiliana: Katika kaya yenu, nani hupanga matumizi ya fedha? Je, pedi zimo katika orodha ya mahitaji ya mwezi, pamoja na unga, sabuni na chumvi?