Tazama Noti, Achana na Bastola

Isansa ni kata ya Mbozi, mkoani Songwe, kwenye kahawa. Ukiifuata barabara kuu pamoja na malori yanayokwenda Zambia na Kongo, utaishia Tunduma, mji wa kwacha na shilingi, madalali na njia za panya. Mtu wa huku hahitaji mwandishi wa London aje kumweleza tamaa ni kitu gani. Ila kusoma riwaya ya utapeli, au kukaa kibanda umiza kutazama filamu ya aina hiyo, kuna ufundi wake. Wengi wetu tunakodolea macho risasi, utamu unatupita pembeni. Vidokezo ni hivi, chukua vinavyokufaa.

1. Anza na wa nyumbani

Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alishinda shindano la uandishi mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa mswada wa Mzimu wa Watu wa Kale, ukatoka kitabu mwaka 1960. Maiti inakutwa mahali ambapo watu wanapaogopa kwa sababu ya mzimu, kisha anaingia Bwana Msa na kiko chake, pamoja na rafiki yake Najum. Wengine wanauliza mzimu umekasirishwa na nini. Yeye anauliza nani alikuwa wapi. Soma kwa jicho hilo, utaona kwamba mwenye jambo la kuficha hana haja ya kutunga uongo mpya: anajibanza nyuma ya hofu ambayo wenyeji wanayo tayari.

Ukimaliza, chukua Simu ya Kifo ya Faraji Katalambula, ya mwaka 1965. Humo vitisho vinapita kwenye simu, enzi ambazo simu ilikaa mezani kwa wenye nafasi. Leo kila mwenye kitochi amewahi kupata ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", kwa hiyo riwaya yenye umri wa miaka sitini inasomeka kana kwamba imeandikwa juzi.

2. Soma jalada kwanza

Anayetaka mbio na ndege amtafute Elvis Musiba. Kufa na Kupona (1974) inampeleka Willy Gamba Nairobi kufuatilia nyaraka za siri za wapigania uhuru. Ni ujasusi zaidi kuliko uroho, na ni tamu. Anayetaka harufu ya fedha ana John Simbamwene na Kwa Sababu ya Pesa, na ana Ben Mtobwa na Pesa Zako Zinanuka. Waandishi wetu hawakuwa na hiana, dhamira waliiandika jaladani kabisa. Ukimsoma Mtobwa, kumbuka miaka ya 1980 ilivyokuwa: sabuni na sukari zimeadimika, na Waziri Mkuu Sokoine mwaka 1983 anawasaka walanguzi na wahujumu uchumi. Msomaji wa wakati huo alijua kabisa kwamba mtu anaweza kutajirika kwa kuficha mifuko ya sukari stoo.

3. Mchunguze anayetapeliwa kuliko tapeli

Hiki ndicho ninachokiamini kuliko vyote. Tapeli kwenye riwaya mara nyingi ni mtu wa kawaida tu: anavaa vizuri, anaongea taratibu, anataja majina ya wakubwa. Wa kuangaliwa ni aliyeliwa. Tafuta ukurasa ambao anaacha kuuliza maswali, kisha jiulize kwa nini aliacha.

Chukua dhahabu feki, hadithi ambayo mkoa wenye machimbo kama Songwe hauwezi kuishiwa nayo. Anayeuziwa dhahabu kwa nusu ya bei haamini kwamba anaibiwa. Anaamini kwamba yeye ndiye anayemwibia muuzaji, mshamba asiyejua thamani ya mali yake. Ndiyo maana hapeleki jiwe likapimwe, anaogopa muuzaji asije akazinduka! Mwandishi mzuri anakupitisha humo polepole mpaka na wewe msomaji unatamani alipe haraka. Ukifika hapo ujue umeshaliwa pamoja naye.

Au kumbuka DECI, ile kampuni ya upatu iliyofungwa mwaka 2009, ambayo viongozi wake walitiwa hatiani mwaka 2013. Watu hawakuambiwa wanacheza upatu. Waliambiwa wanapanda mbegu, watavuna. Ukiyapeleka maneno hayo kwa mkulima anayejua kungoja msimu, unadhani atashtuka? Mtunzi wa riwaya angekesha wiki nzima kuitafuta sentensi kama ile.

4. Noti ilikuwa wapi sura ya kwanza?

Shika penseli. Andika nani alikuwa na hela mwanzo, na nani anayo mwisho. Ukiona kuna mtu hela imepita mikononi mwake na hakuna aliyemshuku, rudi nyuma ukamsome upya.

Zoezi hili linafaa hata nje ya vitabu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, katika kashfa ya Goldenberg, Serikali ya Kenya ililipa fidia ya asilimia 35 kwa mauzo ya nje ya dhahabu na almasi ambazo kwa sehemu kubwa hazikuwapo. Kwetu, fedha za EPA, akaunti ya madeni ya nje, shilingi bilioni 133, zilitoka Benki Kuu mwaka 2005/06 kwenda kwa makampuni 22. Mtunzi akimpelekea mhariri visa hivyo viwili, ataambiwa apunguze chumvi.

Kwa upande wa filamu, tafuta Viva Riva! ya Djo Munga, ya mwaka 2010. Riva anaingia Kinshasa na mafuta ya wizi kutoka Angola wakati jiji limekauka. Angeuza siku ileile angekuwa tajiri. Lakini anangoja bei ipande, na nyuma yake wenye mafuta wanakuja. Aliyewahi kuona foleni ya matangi Tunduma ataielewa bila maelezo. (Usiitazame ukiwa na wakwe.)

5. Kibanda umiza kina mpelelezi wake

Ukitazama filamu iliyotiwa maneno ya Kiswahili, jua una wasimulizi wawili. Marehemu Derek Mukandala, maarufu Lufufu, na ma-DJ walioufuata mkondo wake, hawatafsiri tu: wanachekesha na kutoa maoni yao. Burudani ni kubwa, lakini kwenye filamu ya ulaghai hatari yake ni kwamba DJ anaweza kukutajia muuaji dakika ya kumi kwa kicheko tu. Filamu za kufumbua fumbo zitazame kwa sauti zake za asili; za kupigana, mwachie DJ.

6. Mkamate mwandishi kwenye ramani

James Hadley Chase, ambaye vitabu vyake vilivyochakaa vimezunguka Afrika nzima, alikuwa Mwingereza aliyeandika majambazi wa Marekani kwa msaada wa ramani na kamusi za lugha ya mitaani. Msome The World in My Pocket, kundi dogo linalotaka gari la fedha, uone tamaa inavyowala mmoja mmoja. Yeye alipona kwa sababu sisi hatukuijua Marekani. Mwandishi wa hapa haponi hivyo: akisema lori lilitoka Tunduma likapitia Nakonde, ng'ambo upande wa Zambia, kufika Vwawa huku Mbozi, funga kitabu.

7. Usiwahi kumpenda mwenye sare

Tazama Nairobi Half Life ya mwaka 2012, uone polisi wanavyokula na majambazi. Basi.

8. Jaribu ya kwako

Wengi wakianza kuandika wanakimbilia kuua mtu ukurasa wa kwanza. Si lazima. Nenda siku ya kupima kahawa, simama pembeni, usikilize nani anasoma mizani na nani anaandika daftarini. Kilo mbili zinazopotea kwa kila gunia zinatosha sura tatu. Hesabu uifanye mwenyewe, msimu mzima, gunia kwa gunia, ili msomaji wa Isansa asikukamate. Halafu mshukiwa wa kweli mfanye yule ambaye kijiji kizima kinamwita kutunza michango ya harusi.