SOMO: MTU ANAYEACHA POMBE ASIACHWE PEKE YAKE

Soma: Mezali 23:29-35.

Mpendwa, waza juu ya mtu aliyekunywa lutuku kila siku kwa miaka mingi. Anavunjika mguu, analazwa hospitali. Kesho yake mikono inatetemeka na jasho linamtoka. Siku ya tatu anaona nyoka ukutani, wala hatambui watoto wake. Watu wanasema: "Amelogwa." Sivyo. Mwili wake unadai pombe.

Sababu yake nini?
Pombe hulegeza ubongo. Ubongo wa mlevi huzoea kufanya kazi kwa nguvu zaidi ili kushindana nayo. Pombe ikikatika ghafula, nguvu ile inabaki bila kizuizi.

Je, wote wanagonjwa sawasawa?
Hapana. Hatari ni kubwa zaidi kwa hawa:
1. Aliyekunywa nyingi, kila siku, muda mrefu.
2. Aliyeacha na kurudia mara nyingi. Kila safari inaweza kuwa kali kuliko ile ya mbele.
3. Aliyekwisha kuanguka kifafa au kuchanganyikiwa akili alipoacha.
4. Mwenye ugonjwa mwingine: malaria, homa ya mapafu, ini, ao kidonda kikubwa.
5. Mzee, na yule anayekunywa bila kula. Huyu hukosa vitamini B1, na akili yake inaweza kuharibika kabisa.

Inaanza lini?
Kutetemeka huanza kati ya saa 6 na 24 tangu kikombe cha mwisho. Kifafa huja mara nyingi katika siku 2 za kwanza. Kuchanganyikiwa huja siku ya 2 mpaka ya 4, na kunaweza kuua.

Tufanye nini?
Ukilazwa, mwambie munganga kweli: unakunywa nini, kiasi gani, na lini mara ya mwisho. Usione haya. Mama, kama bwana wako anaficha, useme wewe.
Mzee wa kanisa, usimwambie anayetetemeka kwamba imani yake ni haba. Usimfunge kamba. Umwombee, na umlete hospitali upesi. Munganga ana diazepamu, anayoipunguza siku kwa siku, pamoja na vitamini B1. Msinunue dawa hiyo sokoni.

Hatusemi haya ili uogope kuacha. Uache! Lakini kama unakunywa kila siku, uje kwanza kwetu.

Maswali
1. Nani yuko katika hatari zaidi?
2. Katika kijiji chako, nani atamsindikiza mtu huyo?