Miaka ya Kukumbukwa ya Unyanyembe

Ukimwuliza mwanafunzi habari za kale za Tabora, mara nyingi atakutajia wageni: Burton na Speke, waliofika Kaze tarehe 7 Novemba 1857, na Livingstone na Stanley, waliokaa pamoja katika tembe la Kwihara mwanzo wa 1872. Amejibu vema, lakini watemi wenyewe amewasahau.

Waarabu walijenga Kaze yapata 1852, zamani za Mtemi Fundikira. Hapo njia itokayo Bagamoyo iligawanyika, moja kwenda Ujiji, ya pili Karagwe na Buganda. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, nao walichukua pembe mpaka pwani wakarudi na nguo na shanga.

Fundikira alipokufa, yapata 1858, alitawala Mnywa Sere, naye akaanza kutoza ushuru wa mali iingiayo nchini mwake. Je, alikosa? Watemi wa njiani, hata wa Ugogo, walitoza hongo, na misafara ililipa. Lakini Waarabu wa Kaze walikataa, wakamwondoa, wakamweka Mkasiwa. Basi Mnywa Sere akaingia mwituni, akaisumbua misafara. Mwaka 1861 alimwomba Speke awapatanishe, suluhu isipatikane. Alikamatwa 1865, akauawa. Kwa maoni yangu, wafanya biashara walipoteza mali nyingi katika vita ile kuliko ushuru walioukataa.

Wala njia haikutulia. Mwaka 1871 Mirambo wa Urambo aliifunga, na mwezi wa Agosti watu wake wakachoma sehemu ya Tabora. Mirambo alikufa Desemba 1884.

Mwana wa Mkasiwa, Mtemi Isike, ndiye aliyepambana na Wadachi. Emin Pasha alitweka bendera yao Tabora mwaka 1890. Mwaka 1892 walilishambulia boma la Isike, wakashindwa. Wakarudi Januari 1893, mkuu wao Tom von Prince, wakalivunja. Isike alipoona boma limeingiliwa, alikwenda penye ghala la baruti, akaitia moto yeye mwenyewe.

Reli ilifika Tabora 1912, na kazi ya wapagazi ikapungua. Tarehe 19 Septemba 1916 Wabelji waliuteka mji. Tembe la Kwihara ni nyumba ya makumbusho. Mwalimu aliye karibu awapeleke wanafunzi wake, awasimulie na habari za Mnywa Sere.