SOMO: Kuomboleza Pasipo Kaburi



Sisi tuliovuka Ziwa Tanganyika mwaka 1996 tukafika Nyarugusu, na wenzetu waliofuata, tuna misiba ya namna mbili. Kuna jamaa tuliowazika. Na kuna waliopotea njiani wakati wa kukimbia, ambao hadi leo hatujui kama wako hai.

Aliyezikwa, watu hukusanyika, matanga hukaa, kisha huanuliwa. Aliyepotea hana matanga. Mama akimlilia, jirani humkemea asimlilie mtu aliye hai. Akicheka, husemwa amesahau.

Tusome Mwanzo 37:29-35. Yakobo aliletewa kanzu yenye damu, si mwili. Watoto wake wakaja kumfariji, akakataa. Wako wanaosema alipungukiwa imani. Sisi hatuoni hivyo. Baadhi ya wafariji hao ndio waliomwuza Yusufu, na walijua ukweli wakauficha! Faraja ya namna hiyo ingemwingiaje?

Mshauri nasaha aliyefundishwa vizuri hamlazimishi mtu aseme "amekufa", wala hamwahidi "atarudi". Pauline Boss, mtaalamu wa Marekani aliyeanza kuchunguza msiba huu miaka ya 1970, alifundisha kwamba tatizo ni hali yenyewe ya kutojua, si udhaifu wa anayeomboleza. Mtu anaweza kubeba yote mawili: huenda yuko, huenda hayupo. Kwa hiyo mshauri humwacha asimulie: jina la mtoto, alichopenda kula, siku ile ya mwisho. Hapo ndipo hutoka lile neno zito, "kwa nini niliuachia mkono wake?" Neno hilo likisikilizwa bila kuhukumiwa, na likatunzwa kwa siri, mzigo huanza kupungua. Si kwa siku moja.

Kuomboleza hakuzuii kutafuta. Msalaba Mwekundu husaidia kutafuta jamaa waliopotezana, na anayeandikisha jina la ndugu yake anaweza pia kuweka siku ya kumkumbuka pamoja na familia.

Lakini mtu akisema heri afe, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Tumwombee tukiwa njiani, tusingoje ibada.

Kwa mazungumzo nyumbani wiki hii: ni jina gani ambalo hatulitaji tena, na watoto wetu wanaelewa nini kutokana na ukimya huo?