Githeri na Kikombe cha Chai

Wengi wetu tukisikia githeri twakunja uso. Mimi naitetea. Mahindi yana upungufu wa laisini, kijenzi kimojawapo cha protini, nayo maharagwe yanayo tele; vikipikwa pamoja hukamilishana. Si chakula cha kudharauliwa ati!

Nyumbani tumebadilisha mambo mawili. Maharagwe makavu twayaloweka usiku kucha, maji yale twayamwaga asubuhi. Huiva upesi na makaa hayaishi haraka. (Jirani aliyekuja kuomba chumvi alionjeshwa, siku hizi naye analoweka.)

La pili ndilo zito: chai. Tulizoea kuteremshia githeri kwa chai. Kumbe tanini zilizomo kwenye majani ya chai huyashika madini ya chuma yaliyo katika maharagwe, mwili ukayakosa mengi. Wasichana wenzangu, sisi tunaopoteza damu kila mwezi ndio tunaoumia zaidi. Basi chai na ingoje kama saa moja hivi. Githerini kamulia ndimu, au tia nyanya na hoho mwishoni zisiive mno, kwani vitamini C husaidia chuma kufyonzwa.

Baba angali analalamika eti githeri bila chai inamkwama kooni. Tumemwekea maji.